Sukari ya Kwaresima

Jumatano, 18 Februari. Jumatano ya Majivu

Majivu kwenye paji la uso, kisha darasani moja kwa moja. Picha ya Malkia mpya wa Uingereza imefika shuleni na hakuna msumari wa kuitundika.

Nimeamua. Hakuna chai mpaka Pasaka. Padri alisema tunachojinyima kiende kwa maskini, kisikae kabatini kikisubiri Kwaresima iishe. Basi sukari yangu yote nitampa Mama Hawa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe alikwenda Lindi kukata mkonge. Huu mwaka wa pili, wala barua. Ana watoto wawili wa kike: Hawa, ambaye yuko darasani kwangu, na Zuhura, ambaye hajatimiza miaka mitatu.

Nimemwambia mama yangu. Akaguna tu, akaendelea kupepeta mtama.

Alhamisi, 19 Februari

Kichwa kinauma tangu asubuhi. Nimemchapa mtoto kwa hesabu aliyokosea. Haikustahili fimbo.

Jioni nimepeleka kopo la sukari. Mama Hawa alikuwa anamenya ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini. Akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Mwalimu. Mungu akuzidishie." Nikabaki nimesimama pale. Sijui nilikuwa nangoja nini zaidi.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya ibada nimewasimulia akina mama habari ya ile sukari. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Jumanne, 24 Februari

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Nimepita kwa mke wa karani wa baraza kuazima pasi. Kopo langu liko mezani kwake, lile lililobonyea ubavuni. Anasema amelipata kwa Mama Hawa, amempa kapu la makopa. Muhogo mkavu! Mimi nashinda na kichwa kinachogonga, na mke wa karani anakunywa chai na sukari yangu.

Nimefagia uwanja mara mbili. Mama ananitazama.

Jumatano, 25 Februari

Nimemkuta Mama Hawa kwenye mteremko wa kwenda kisimani, yeye na wanawake wengine wanne. Nikasema mbele yao.

"Mama Hawa, zawadi ya Kwaresima haiuzwi."

Akatua mtungi. Hakupaza sauti. "Mwalimu, wanangu walikuwa na siku mbili hawajaonja ugali. Sukari haisongwi."

Wanawake wakaangalia chini. Nikapanda na ndoo yangu nusu tupu.

Alhamisi, 26 Februari

Mama amesema leo, bila kuulizwa. "Ulimpa zawadi, au ulimfunga kamba ushike ncha?"

Nimemjibu vibaya. Mama yangu mzazi. Sijagusa chai siku nane na sijawahi kuwa mbaya hivi.

Jumatatu, 2 Machi

Hawa haji shule. Mama Hawa siku hizi anapita njia ya nyuma, kule kwenye mikorosho, asikutane nami. Mvua haikatiki. Nimeanza kufuma kitambaa cha altare, nikakifumua. Nimefungua Biblia, nikaifunga.

Najua linalotakiwa. Miguu haiendi.

Ijumaa, 6 Machi

Niandike upesi.

Asubuhi Hawa amesimama mlangoni pa darasa, maji yanamtiririka. "Shikamoo, Mwalimu. Zuhura anatapika. Mama anasema hawezi kumbeba peke yake." Nimeacha darasa bila ruhusa. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo mbichi, macho yanapinduka. Mbeleko nimefunga mimi, kwa sababu Mama Hawa alikuwa anayumba kwa njaa. Zahanati ya misheni iko bondeni, chini ya mteremko wote ule, na njia yote utelezi. Nilianguka kwa magoti mara moja, sikumwachia.

Mwuguzi akauliza amekula nini. Muhogo mchungu. Wameuloweka siku moja tu, na kwa mvua hii haukauki, sumu imebaki.

"Yale makopa yaliisha," Mama Hawa akasema, anatazama sakafu. "Sikutaka kuomba tena."

Hakunitaja. Hakuwa na haja.

Jumamosi, 7 Machi

Zuhura amekunywa uji vijiko sita. Mwuguzi anasema atapona. Nimekwenda nyuma ya zahanati nikalia mpaka nikachoka.

Jumatatu, 9 Machi

Mwalimu Mkuu amenikaripia kwa kuacha darasa. Ni haki yake.

Alasiri nimekwenda kisimani saa ile wanaposhuka wote. Nimemwomba Mama Hawa radhi mbele ya wale wale wanne. Ulimi ulikuwa mzito kuliko mtoto juzi. Akasema, "Yamekwisha." Sijui kama yamekwisha. Nikamwuliza kitu ambacho nilipaswa kumwuliza tangu siku ya Majivu: ana shida ya nini?

"Palizi," akasema. Analima vibarua kwa watu apate chakula cha siku, na shamba lake mwenyewe limemezwa na magugu. Mwaka huu lisipopaliliwa, mwakani ni njaa tena.

Nilitaka iwe kitu kingine. Alasiri zangu ndizo raha yangu ya kweli, mkeka barazani, kitabu, hakuna sauti ya mtoto hata mmoja. Nilikuwa nimejinyima kilicho rahisi.

Mama amefungua ghala bila kushauriana nami. Mtama nusu umekwenda kwao, ili vibarua visubiri.

Alhamisi, 12 Machi

Malengelenge manne. Siwezi kushika chaki sawasawa. Nimelima shambani kwa Mama Hawa huku nanung'unika moyoni kila mstari. Nimekwenda hivyo hivyo.

Jumatano, 18 Machi

Hawa amerudi darasani. Amesahau kugawanya. Mimi nimesahau kukasirika, nimekumbuka sasa hivi tu ninapoandika.

Jumamosi, 28 Machi

Tumekuwa shambani tangu umande. Jua si kali. Mahindi yamefika kiunoni. Zuhura alilala kwenye khanga kivulini mwa mbaazi, nzi wanamtembelea, mama yake akiwafukuza kwa tawi kila alipofika mwisho wa mstari.

Mara moja alisimama akanitazama ninavyolima. "Dada," akasema, "shika mpini chini kidogo. Unakata mizizi."

Nikashika chini. Ni kweli, ni rahisi zaidi.

Tumeishia kwenye kisiki cha mninga. Kesho Jumapili ya Matawi. Keshokutwa tutaanzia pale kisikini.