Shingo Iliyoitika

Jumatatu, 4 Machi
Vibandiko shingoni, nyaya hadi kiunoni. Nimefanana na redio ambayo fundi kaifungua kisha akaenda chai.
Tangu wanitoe kikoromeo kwa sababu ya uvimbe, mdomo unacheza tu, hakitoki kitu. Mhandisi — dada mmoja mchangamfu, anatafuna kalamu — anasema misuli ya shingo haina habari kwamba sauti imeondoka. Nikitaka kupaza, inakaza. Nikitaka kunong'ona, inalegea. Mashine inasoma mkazo huo, inakisia sauti ipande wapi na iwe kubwa kiasi gani. Maneno yenyewe inayaokota kidevuni.
Nikasema "aaa". Ikalia kama mbuzi! Tukacheka. Aliyesikika ni yeye.

Alhamisi, 7 Machi
Mhandisi anataka kanda yenye sauti yangu ya zamani, mashine ijifunze. Sina. Kanda zote za nyumbani anaongea marehemu kaka — Spika, mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kelele zake. Mimi nimo kwa nyuma, nakohoa.
Mhandisi akaona ndugu wa damu anatosha kuanzia. Jumatatu nimjibu: abaki kaka, au aniwekee sauti ya kiwandani.
Tukajaribu. "Habari za asubuhi." Kaka akanisalimia kutoka shingoni mwangu. Nikabandua vibandiko hata kabla sijaulizwa naonaje.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekuja na mashine nyumbani. Macho ya mama hayamsaidii siku hizi, kwa hiyo kwake nimekuwa nyayo tu.
"Shikamoo, mama."
Akaacha kukunja nguo. "Marahaba, baba." Akageuza sikio. "Hebu sema tena. Kwa nguvu — wewe hukuwa mnyonge hivyo."
Wewe! Wewe nani?
Dada yangu akaingilia: "Mama, huyo si Spika, ni mdogo wake."
"Kwani mimi mjinga? Najua. Mwache aseme."
Dada akanigeukia: "Miaka yote tunakubembeleza uongee, leo umeongea — kwa sauti ya kuazima."

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi nimejaribu ile ya kiwandani. Nikamwambia mama ni mimi, mwanao mdogo. Akasema mzime hiyo redio.
Basi nikarudisha ya kaka, nikakaa sebuleni na gazeti. Mashine mezani, imewaka, vibandiko bado shingoni. Midomo nimefumba.
Mama akaita kutoka chumbani, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango: "Spika? Umekula?"
Sikutaka kujibu. Naapa. Shingo ikakaza yenyewe, kidevu kikafuata.
"Nimekula, mama!"
Sauti kubwa, yenye ule mkunjo wa kaka mwishoni mwa neno, wa kwake kabisa. Mimi nilikuwa sijala.
Mama anacheka huko ndani. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Dada kasimama karibu na swichi ya mashine, mkono juu, ananisubiri niitikie kwa kichwa azime. Nimejifanya naandika.
Sasa mama anauliza tena: "Na mdogo wako je? Yupo? Mbona simsikii?"
Dada ananitazama. Shingo inaanza kukaza —