Kitambaa Juu ya Spika

Kemunto mjukuu wangu,

Bwakire. Hapa Kebirigo tuko salama, majani chai yamechipua vizuri, na mguu wangu unasumbua kidogo tu. Umeuliza kama utupe spika zako za studio kwa sababu zimezeeka na zinavuma hata usipopiga muziki.

Nilipokuwa msichana, kwaya yetu ilikuwa na spika moja yenye amplifaya ndani yake. Niliionea fahari, nikaifumia kitambaa cheupe, nikaifunika mpaka nyuma isiingie vumbi. Ilipoanza kuvuma tukalaumu umeme, kisha tukalaumu uzee wake. Mwalimu wa kwaya akasema itupwe.

Kwanza tukamwita fundi kijana. Aliifungua, akanionyesha kapasita, vikopo vidogo vya kutuliza umeme. Viwili vilikuwa vimevimba.

"Dada, joto hutokea hapa nyuma, na ndipo ulipoziba."

Nililia. Nilidhani nilikuwa naitunza. Alibadilisha vile viwili, mvumo ukaisha, kisha akakikunja kitambaa changu taratibu. "Hiki kingependeza mezani," akasema. Nikamwambia kwetu hakuna meza.

Basi usizitupe. Mama yako ameniambia umezifunika kwa kile kitambaa nilichokufumia ulipohamia Nakuru. Kiondoe leo, kisha fundi azifungue, atazame kapasita.

Yule fundi alirudi wiki iliyofuata amebeba meza kichwani. Ndiyo hii ninayoandikia, na babu yako bado ananiambia kitambaa kimekaa upande.

Nyanya yako,
Moraa