Mikwaruzo ya Santuri za Baba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Fundi wa paa ametuzungusha mwezi mzima, sasa kamaliza.

Nafurahi santuri za rokenroli za marehemu baba zimekufikia salama. Unauliza, tena kwa ukali, ni mshenzi gani aliyezikwaruza. Ni mimi, dada yako.

Ulikuwa na miaka minne. Baba alikuwa akifungulia sauti mpaka mwisho ili majirani wasisikie, nao wakadhani nyumba yetu imejaa raha. Gitaa likianza kulia, mkanda unashuka mgongoni mwa mama. Wimbo ukiisha, naye baba anaacha, anajifuta jasho kama mtu aliyetoka kucheza. Nyimbo zile zilikuwa fupi, dakika mbili na ushei, lakini si fupi kwa aliye chini ya kiatu. Basi nilikuwa nikinyata hadi kwenye gramafoni, naisukuma sindano mbele, krrr, wimbo uishe upesi. Kila mkwaruzo unaouona ni mapigo ambayo mama hakuyapata.

Siku mama aliyovunjwa taya, nilikuwa nimeshaisukuma sindano. Wimbo uliisha, baba akauweka mkanda chini. Ndipo wewe, uliyeupenda sana wimbo ule, ukapiga makofi, ukasema, "Tena! Tena!" ukairudisha sindano mwanzo.

Mama alinikataza kukuambia. Anasema mtoto hana kosa, na mimi nasema hivyo hivyo. Ila usiniulize tena habari za mikwaruzo.

Ni mimi, dada yako.