Pipa la Yohana linavuja

Jumamosi, katikati ya Septemba. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye ndoo zilizofunikwa. Sina huzuni leo, wala sina furaha. Nipo tu.

Zabibu zimeiva. Gari la mnunuzi lilipita Alhamisi, likachukua za majirani waliojiandikisha mapema, likarudi mjini limejaa. Kila msimu Yohana, mume wangu, ndiye aliyekwenda kutuandikisha. Mwaka huu sikukumbuka. Sikujua hata kama ni jambo la kukumbuka.

Kwa hiyo nina mistari minne ya zabibu, na pipa moja la mbao la kutengenezea divai kabla hazijaozea shambani.

Na pipa linavuja.

Yohana alifariki Februari. Tangu hapo pipa limesimama tupu stoo. Jana nilitia ndoo mbili za maji nilisafishe, yakatoka pande zote. Lameck, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, hilo ni pipa au chekeche?"

"Ni pipa la kaka yako."

"Basi kaka ametuachia chekeche kubwa."

Tulicheka. Leo asubuhi akarudi na kopo la lami, mabaki ya mafundi wa barabara. Alitaka kuipaka ndani. Vinginevyo, alisema, tuwafungulie mbuzi shamba, wale, yaishe. Nikamwambia watu watakunywa divai yenye ladha ya barabara ya Kondoa.

"Wanywaji wa hapa Makutupora, shemeji? Wataomba ya pili."

Nakiri nilikaribia kukubali. Nimechoka kuamua mambo.

Kilichonizuia ni bahari, ambayo sijawahi kuiona. Ujanani Yohana alikuwa baharia. Watu walikuwa hawaamini: Mgogo, mtoto wa nchi ya ukame, baharia wa wapi? Alikwenda Tanga kukata mkonge, akaishia kwenye chombo cha tanga kilichopeleka mizigo Pemba. Miaka minne. Ninayoijua mimi ni bahari aliyonisimulia tukipogoa mizabibu, na huenda alitia chumvi.

Alisema chombo hakiharibiki sana kikiwa safarini. Kinaharibika kikipandishwa mchangani na kuachwa juani. Mbao zinakauka, zinasinyaa, zinaachana. Siku kinaporudishwa majini kinavuja kuliko siku zote, na mgeni anadhani kimekwisha. Wenyewe hawana haraka. Wanakiacha kwenye maji ya magoti, hakina mzigo, hakina tanga, mpaka mbao zinywe, zivimbe, zishikane tena.

Nilimuuliza inachukua muda gani. Akasema inategemea kilikaa nchi kavu kwa muda gani.

Nikamwambia Lameck aweke lami yake chini.

Maji huku si ya kuchezea. Nilitia ndoo nne, nikaweka beseni chini ya pipa, yanayovuja nikayakinga na kuyarudisha juu. Lameck alitazama kwa muda, akatikisa kichwa, kisha akachukua ndoo ya pili. Tulifanya hivyo mpaka mchana.

Kazi kama hiyo inaacha nafasi ya kufikiri.

Msibani sikulia. Wengine walisema nina imani, wengine walisema nina moyo mgumu. Nililia wiki iliyopita, dukani, muuzaji aliponiuliza kama nachukua majani ya chai pakiti kubwa kama kawaida. Pakiti kubwa ilikuwa ya watu wawili. Miezi saba imepita, na mimi nasimama mbele ya watu wanaosubiri sukari, nalia. Niliona aibu. Nilifika nyumbani nikidhani ndiyo naharibika.

Huenda ndiyo kwanza nimerudishwa majini.

Sisemi kwamba ni hivyo. Mimi si mtu wa kusoma sana, na mtu si pipa. Lakini leo wazo hilo limenitosha.

Saa kumi jioni karibu pande zote zilikuwa zimeacha kutoa maji. Lameck alipitisha kidole kwenye maungio ya mbao, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Aliuliza makreti yako wapi.

Tutachuma kesho baada ya ibada, yeye na mkewe na mimi. Sijawahi kutengeneza divai peke yangu. Mimi nilikuwa nachuma na kukanyaga, Yohana anaonja na kusema bado au tayari. Inawezekana nikapata siki. Nitajua baada ya wiki kadhaa, na kama ni siki, nitakuwa na siki nyingi ya kugawa.

Upande wa chini bado kunadondoka, tone moja, halafu kimya kirefu, halafu jingine. Nimeweka bakuli hapo, nikaenda kuosha makreti.