Fundo la Mama

Nampula, 4 Mei 2024

Dada Rachida,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila usingizi haba. Mama hajambo? Na goti lake je?

Ule mchezo wangu wa kompyuta unanitoa jasho. Nyumba inashika moto. Mchezaji akusanye vyombo, akimbie, akaanze maisha kwingine. Kumi wameujaribu, kumi wameungulia mlangoni! Kila chombo lazima ukibonyeze kwa kipanya, ukivute mfukoni, urudi ukabonyeze kingine. Tarehe 30 maprofesa wanachagua mchezo mmoja tu. Nikikosa, kazi ya mwaka mzima imekwenda. Siku ile mlipokimbia vita kule Palma, mimi nikiwa shuleni Pemba, mlitokaje na vyombo vyote vile?

Mdogo wako,
Tarique

Quitunda, 9 Mei

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Sote wazima, goti la mama linalalamika asubuhi tu.

Nimecheka mpaka jirani yangu Esperança kaja kuuliza kuna nini. Mfukoni? Sufuria inaingia mfukoni? Huyo mtu wako hajawahi kukimbia! Unatandika chini kapulana ya mama, ile kanga yake kubwa, katikati ya nyumba. Huokoti kimoja kimoja, unakumba: sufuria, panga, mbegu, vyeti vya watoto, chumvi. Pembe mbili fundo, pembe mbili fundo, kichwani, twende. Mama alimaliza mimi bado natafuta kiatu. Mpaka leo nikiikumbuka mikono yake nashangaa, wallahi.

Dada yako,
Rachida

Nampula, 20 Mei

Dada yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwenu nyote. Mimi sijambo, hata kula nakula sasa.

Nimefuta mifuko yote! Kapulana inatandikwa, unashikilia kitufe cha kipanya, unapitisha mkono juu ya vyombo, navyo vinaruka kwenye nguo. Ukizungusha kigurudumu, fundo linakaza. Mwenzangu Narciso, aliyeungua mara saba, katoka na sufuria, mbegu na kuku mzima. Mwili ulinisisimka, dada. Miezi minane nahangaika na jambo ambalo mama analifanya kwa pumzi moja.

Mchezo nimeshaukabidhi kwa maprofesa. Nakala nimemtumia profesa Bernardino, mwalimu wa shule yenu. Mpeleke mama aujaribu.

Mdogo wako,
Tarique

Quitunda, 26 Mei

Tarique,

Salaam. Hatujambo, ila leo sina maneno mengi.

Mama kacheza. Wanawake walijaa mpaka dirishani kwa profesa. Moto haujafika hata mlangoni, yeye kashafunga, kashatoka. Tulipiga vigelegele! Akaenda na furushi lake mpaka ile nyumba tupu ya mwisho, akaingia, akasimama. Akauliza, "Sasa nafunguaje?" Profesa akabonyeza huku na huku, wapi. Kompyuta ikaandika UMENUSURIKA, ikajifunga. Mama akasema, "Bado." Akakiweka kipanya mezani, akaenda zake nyumbani.

Dada yako,
Rachida

Nampula, 29 Mei

Dada,

Nawasalimu. Barua yako nimeisoma mara nne.

Nimekwenda kwa maprofesa kuomba wanirudishie mchezo wangu. Wakaniambia, ukiuchukua leo, kesho haumo, na mwakani hatuahidi kitu. Nimeuchukua. Nilijua kufunga tu, dada. Walioucheza wote, hakuna aliyeniuliza kufungua. Mwambie mama anisubiri.

Mdogo wako,
Tarique

Quitunda, 18 Juni

Mdogo wangu kipenzi,

Waalaykum salaam. Tu wazima sote, alhamdulillahi, na nakala yako mpya imefika.

Mama alikaa kwenye kiti cha profesa, akakimbia, akafika ile nyumba. Akazungusha kigurudumu kinyume, kama ulivyoandika. Fundo likalegea. Subhanallah, Tarique! Kapulana ikafunguka yote chini. Akaanza kutoa kimoja kimoja, hakuna haraka. Sufuria jikoni. Panga nyuma ya mlango. Mbegu akazipandisha juu darini, akaona hapafai, akazishusha. Mkeka aliuhamisha mara tatu. Esperança alikuwa analia wala hafuti machozi.

Alipomaliza, kapulana ilikuwa tupu. Akaitundika dirishani iwe pazia. Sijui kama hilo ulilipanga wewe au kalipata mwenyewe.

Kisha akageuka kwangu, akasema, "Mwambie mwanangu nimefika."

Dada yako,
Rachida