Ua Lisilopatikana Kwetu

Mama, shikamoo. Mwanao Salim ni mzima, akili tu ndiyo aliisahau uwanja wa ndege.

Huku Birmingham wanasema maua yamechanua, nami natetemeka ndani ya makoti mawili. Jana alinitoa kwake Sparkbrook akanipeleka kwenye bustani yenye nyumba ya vioo, nikaone maua ya jangwani. Akasimama mbele ya ua jekundu, akalipiga picha, simu ikampa jina la Kilatini, akalisoma kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa. "Dada, hili ni rare sana. Kwetu hulipati."

Mama, ulikuwa mshubiri! Kama ule wa nyuma ya jiko letu, ambao wewe ulijipaka utomvu wake kwenye matiti ulipomwachisha Salim ziwa, akalia siku tatu mtaa mzima usilale.

Sikubishana na msomi. Jani moja lilikuwa limevunjika, nikachovya kidole, nikampaka mdomoni. Akakunja uso, akatema, akapiga ukelele mbele ya Wazungu: "Mama!"

Ameapa atakupigia leo, baada ya miezi minane ya kimya. Usipokee upesi. Iache simu ilie kwanza, kama alivyolia yeye.

Nakubusu mikono,
Zuhura