Baba Alikusubiri Kråkbacken

Norrsätra,
Härjedalen.

9 Machi

Mpendwa kaka Sixten,

Nakusalimu kutoka huku ambako theluji bado inafika kwenye kizingiti cha dirisha. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu Philippa? Na Tuva wetu, yale masikio yake yamepona? Nyinyi huko Tasmania mnaaga kiangazi, sisi bado tunakoka moto asubuhi na jioni. Mimi ni mzima, ila kucha mbili za mguuni zimeng'oka na mikono haitaki kunyanyuka kufikia kabati la vikombe. Mume wangu Torkel hajambo. Binti yetu Signe amepata kazi kwenye duka la mikate, na kila jioni anatuletea maandazi ya mdalasini yaliyobaki, mpaka sasa hata mbwa anayakimbia.

Baba yupo, anakula, anatembea. Lakini naomba barua hii uisome umekaa. Nimeshika simu mara kadhaa nikupigie, na kila mara nimekata kabla haijaita. Najua nikisikia sauti yako nitalia na hutaambulia kitu.

Nilikwambia wakati wa Krismasi kwamba nimejiandikisha Mbio Ndefu za skii thelujini. Ulicheka, nami sikulaumu. Mama mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nateleza kwenye skii kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini baada ya majira ya baridi. Lakini nilichoka kumwona Baba Jumapili ya mbio amekaa dirishani kama mtu aliyefungiwa. Tangu alipopasuliwa moyo tulimkataza kushiriki, mimi na wewe kwa sauti moja, na skii zake zikahamia kwangu, juu ya zizi. Nikasema basi, nitakwenda mimi, walau nimletee habari za njiani.

Alipokea vizuri mno. Majira yote ya baridi alikuwa akija kunifundisha. Alizipaka skii zangu nta, akanifuata uwanjani na fimbo mkononi akinipigia kelele, "Kunja magoti, Alfhild! Umesimama kama nguzo ya umeme!" Jumamosi aliniambia ataziangalia mbio kwenye televisheni kwa Yngve, kwa sababu Yngve ana kioo kikubwa. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Yngve ni jirani yetu tangu hatujazaliwa.

Basi Jumapili tukaanza alfajiri, umati wa watu tumebanana mpaka skii zinakanyagana. Saa za kwanza sikuona kitu ila visigino vya mtu aliye mbele yangu. Kifua kiliwaka, halafu kikazoea. Kituo cha pili mama mmoja alinitilia kikombe cha supu ya beri mkononi akasema, "Kunywa, mpenzi, umekuwa mweupe kama mshumaa." Nikanywa, nikamwagia nusu kifuani, nikaendelea.

Nilipofika katikati ya kinamasi cha Lillmyren, pale upepo unapokukata uso, nikasikia fimbo za skii zinakuja nyuma yangu, tak, tak, tak, bila haraka.

"Pisha, mama! Kama unachuma beri, chumia pembeni!"

Nikapisha. Akapita mzee mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufu, amekunja magoti, anateleza kama siagi kwenye kikaango. Nikautazama ule mgongo. Sixten, kuna migongo mtu huwezi kuisahau.

"Baba!"

Akageuza kichwa. Alikuwa anacheka, masharubu yote barafu tupu.

"Usipige kelele, unamaliza pumzi."

"Na moyo wako?"

"Nimekuja nao, uko hapa. Daktari Asplund aliruhusu tangu vuli. Mliokataa ni nyinyi watoto."

Na akaenda! Nimesimama katikati ya njia mdomo wazi, watu wananipita wakinitukana, na baba yangu aliyepasuliwa moyo anapotelea kwenye misonobari akiwa na skii za Yngve miguuni. Nilimfuata kwa hasira, si kwa nguvu. Kila kituo niliuliza, "Mmemwona mzee mwenye kofia nyekundu?" Kila kituo walijibu amepita, amekunywa supu, amewatania. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Yngve. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye vilele vya miti nilipoingia chini ya Kråkbacken, ule mlima wa mwisho. Nikamwona. Alikuwa ametoka kwenye njia, amesimama kwenye theluji laini, ameegemea fimbo, uso ameuelekeza kule tulikotoka. Mara moja nikajua ni moyo. Sijui nilifikaje. Nilianguka miguuni pake, nikamshika koti.

"Kifua, Baba? Kinauma wapi?"

"Kifua hakina neno," akasema. "Namsubiri Sixten."

Nilidhani ni mzaha wake. Nikamwambia, "Sixten yuko Tasmania, Baba. Twende, utaganda hapa."

Kaka, alinitazama vile ambavyo mtu hutazamwa na mpita njia. Kwa adabu, lakini kwa mbali. Akasema, "Samahani mama, sikukufahamu. Nina mtoto wangu nyuma, ana kofia ya bluu. Huu mlima anauogopa, hawezi kuupanda peke yake. Hujamwona huko ulikotoka?"

Miaka miwili tumelinda moyo wa mzee huyu, tumemhesabia chumvi, tumemficha skii. Na mbele yangu amesimama mtu mwenye moyo mzima, ananiita mama, ananiuliza habari za kofia uliyovaa ukiwa darasa la tatu.

Mwanamke mmoja wa waandaaji akaja na pikipiki ya theluji akazima injini. Akasema kamba ya kuzuia waliochelewa itafungwa punde kule juu na baridi inashuka, kwa hiyo mzee apande, atamfikisha. Baba akainua fimbo kama anafukuza mbwa.

"Mimi siondoki hapa bila mtoto! Wewe ungemwacha wako?"

Yule mwanamke akanitazama. Akashuka, akajaribu kumshika mkono taratibu. Baba akaanza kulia, Sixten. Baba yetu, ambaye hata kaburini kwa Mama alisimama mkavu. Alilia huku akikuita, anaita nyuma kwenye miti, na watu waliochoka wanapita wanageuza nyuso. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeupe ndani ya glavu. Nikaona tukizidi kubishana tutampoteza pale pale.

Nikasema, "Sixten ameshapita. Nimemwona kwa macho yangu. Ametangulia juu."

Akaacha kuita, akanigeukia.

"Alipanda peke yake?"

"Peke yake."

"Hakulia?"

"Hakulia, Baba. Alikunja magoti kama ulivyomfundisha."

Laiti ungeuona uso wake. "Kumbe!" akasema, akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Kumbe anaweza!" Akaingia kwenye njia na kuupanda mlima ule kwa hatua za pembeni, mfululizo, bila kupumzika hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma kwa fimbo na kulia, na yule mwanamke akatufuata na pikipiki yake polepole, taa imewashwa, mpaka tukavuka kilele. Kamba alikuwa ameishika kijana mmoja tayari kuifunga. Mwanamke yule akampigia kelele aiache. Akaiacha.

Tulivuka mstari pamoja, mimi na Baba. Watu walipiga makofi. Baba hakuwasikia. Alivua skii, akaanza kuzunguka kwenye umati akimgusa kila mtu bega: "Mmemwona mwanangu? Kofia ya bluu." Signe alimkimbilia, "Babu! Babu umemaliza!" akamkumbatia, naye akamuuliza swali lile lile. Mtoto wa watu akaganda na tabasamu usoni. Yngve alikuja na chupa ya kahawa, amejiandaa kusimangwa. Alipoona, chupa ikamwanguka. Alisema alijua Baba anasahau funguo na majina. Hili hakulijua. Yale maneno yangu yote niliyoyapanga sikuyatumia hata moja. Tulisaidiana kumwingiza garini, akalala mara ile ile.

Sasa sikiliza la asubuhi yake, maana hilo ndilo lililonimaliza.

Niliamka nikamkuta jikoni kwangu amepika kahawa mwenyewe. Baba mzima, yule yule. "Nguzo ya umeme," akaniita, "ulivuka saa ngapi?" Nilikaa. Nikamuuliza anakumbuka nini cha Kråkbacken. Mkono uliokuwa unamimina kahawa ukasimama.

"Nilifanya nini?"

Nikamweleza yote, hata kulia. Aliuliza jambo moja tu, kama watu walikuwa wengi. Kisha akasema alijua. Tangu vuli, Sixten! Alipotea akirudi kutoka kinu cha mbao, njia aliyoipita tangu utotoni, akakaa kwenye gogo mpaka akaikumbuka. Alikwenda mwenyewe kwa daktari, akapigwa picha ya kichwa, akaambiwa ni ugonjwa ule ule wa kusahau uliomchukua shangazi Elna. Akarudi nyumbani, akakaa na siri hiyo Krismasi nzima, akicheza karata na sisi, akila nyama. Mimi nikimwuliza, umemeza dawa ya moyo?

"Nilitaka kwenda mara moja tu nikiwa bado naijua njia," akasema. "Kumbe kumbukumbu haikutosha mpaka mwisho."

Niliinuka nikamjazia kikombe chake.

Baadaye akasema nisikwambie wewe, una maisha yako huko. Nikamwambia hilo hapana, hilo nitakuandikia. Akakoroga kahawa muda mrefu, na Baba hatii sukari, wewe unajua. Halafu akainua macho, ananijua kabisa, anajua wewe una mvi na uko upande wa pili wa dunia, akasema, "Basi mwambie alipanda vizuri."

Nimekufikishia.

Mipango ya huku: Yngve analala naye usiku mpaka tumalize kutengeneza kile chumba cha nyuma kwangu, halafu atahamia. Torkel ameshafunga swichi inayolizima jiko lenyewe likisahauliwa. Daktari anasema siku nzuri bado zitakuwa nyingi kuliko mbaya, kwa sasa. Kwa sasa, ndivyo alivyosema, na alilirudia neno hilo. Skii zake nimezishusha kutoka juu ya zizi, nimemrudishia. Kila asubuhi anakwenda mpaka ziwani na kurudi, na mimi nyuma yake.

Sikuombi uache kazi yako. Najua nauli, najua umbali, najua wewe na Baba mlivyoachana mara ya mwisho. Lakini njoo kabla ya majira mengine ya baridi, kaka. Njoo uje na Tuva, amwone babu yake akiwa bado na mwanga kichwani. Akikukosea jina, usiogope. Mimi nimeshaitwa mama na nimeshazoea, au nasema tu nimezoea.

Torkel anakusalimu, Signe anamsalimu sana Tuva na anamwekea maandazi. Yngve ameniomba nikuandikie kwamba anasikitika, nami nimekuandikia. Mfikishie Philippa upendo wangu. Mungu awalinde huko mliko, awape usingizi mwema, na akuweke njiani salama siku utakayoamua kuja.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye daima,

Alfhild